Landrova Iliyozima Kabla ya Kisesa

Tulipomzika Magesa kule Majita, nilipewa nafasi ya kusema machache kwa niaba ya upande wa mke. Nikasema alikuwa dereva mwangalifu, mzee wa kanisa, mtu aliyesomesha wanawe kwa nyavu na jembe. Watu wakaitikia kwa vichwa. Dada yangu Kabula, ambaye sasa ni mjane, alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake, akanitazama tangu nilipoanza mpaka nilipomaliza. Sikutaja Landrova. Wengi waliojua habari ile wamekwisha kutangulia, na vijana hawakuwa na sababu ya kuuliza. Lakini nilipokaa kula wali wa msiba, sahani ikiwa magotini, niliona kwamba nimemsifu marehemu kwa mambo ambayo hata jirani yake angeweza kuyasema, nikauruka mwaka mmoja ambao mimi nilikuwa mwenzake wa kazi na hakimu wake pia. Nimezeeka vya kutosha kuuandika.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara huria imeanza kuingia mpaka vijijini. Kiwanda cha pamba tulichofanyia kazi, mimi karani wa stoo na Magesa dereva, kilikuwa kimesimama. Wanunuzi binafsi walipita mashambani na malori yao, na mashine zetu zikabaki zikiota kutu. Tulipopunguzwa kazini, badala ya kiinua mgongo tuliomba tupewe Landrova ya zamani iliyokuwa nyuma ya ghala, imepandishwa juu ya mawe, kuku wakitaga ndani yake. Wakubwa walikubali upesi kiasi cha kunitia shaka. Magesa alikuwa amemuoa Kabula, kwa hiyo tuliitana shemeji, na sidhani kama nilikuwa na rafiki mwingine niliyemwamini kuliko yeye. Mimi nilikuwa na elimu ya kidato cha nne na majina ya vipuri vyote kichwani, maana nilivigawa dirishani kwa miaka. Yeye alikuwa na mikono. Tukaona kwamba hayo mawili yanatosha.

Tuliivuta kwa trekta mpaka uani kwangu Mkolani. Kwa muda mrefu maisha yangu yote yalikuwa pale uani: injini imeshushwa, imelazwa juu ya gunia, vali zimeloweshwa kwenye mafuta ya taa ndani ya sufuria ambayo haikupikiwa tena. Sikuwa nimeoa, na nyumba yangu ilikuwa vyumba viwili vyenye harufu ya grisi. Kabula alikuwa akija kutoka Kisesa walikopanga, mtoto mgongoni, anatupikia ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, au kama hakuna kitu, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai. Tulikula tumekaa juu ya magurudumu. Nakumbuka siku moja napapasa mhimili wa injini kwa kiganja, natafuta kama umechimbika, Magesa akasema, "Nyie Wasukuma mkiona chuma mnakipapasa kama ng'ombe mnadani."

"Na nyie Wajita mkiona gari mnauliza kasia liko wapi."

Kabula akatupa jicho kutoka jikoni. "Niambieni tu lini litatoka hapo uani. Haya mashati hata sabuni inayaogopa."

Lilipowaka kwa mara ya kwanza, moshi ulijaa mpaka kwa jirani, na jirani akaja kutukana, akaishia kucheka na kutusaidia kulisukuma barabarani. Kila mara najaribu kuikumbuka siku hiyo peke yake, bila yale yaliyofuata, na siwezi.

Kazi tuliyoipata ilikuwa ya samaki. Viwanda vya minofu vilikuwa vimechipuka kando ya ziwa, na sangara ambaye zamani watu walimdharau kwa mafuta yake sasa alikuwa akigombewa. Wanawake wachuuzi walinunua kwenye mwalo mmoja upande wa Magu, mbele ya Kisesa, pale mitumbwi inaposhusha, wakahitaji gari la kupita kwenye tope na kufika kiwandani mapema kabla samaki hajalegea. Kiongozi wao alikuwa Mama Suzana, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Yeye na wenzake walikaa nyuma juu ya majani yaliyofunika samaki, na habari zote za mkoa zilizungumzwa humo. Magesa ndiye alikwenda mwaloni. Mimi niliichukua Landrova mchana kwa kazi ndogondogo za mjini, mchanga, kuni, magunia ya mpunga.

Sasa, kifuniko halisi cha tangi la petroli kilikuwa kimepotea tangu enzi za kuku. Tuliziba mdomo wake kwa tambara, na kwenye mashimo petroli iliruka, ikalowesha majani. Siku moja mpokeaji kiwandani, kijana wa koti jeupe na buti za mpira, alifungua shavu la sangara, akanusa, akamrudishia Mama Suzana mikononi. "Hii ni petroli," akasema. "Nenda kawakaangie watoto wako." Mama Suzana alilia njia nzima. Nilipoambiwa, nilikaa chini nikachonga kizibo cha mti mgumu, nikakivika mpira wa tyubu ya lori, nikakifungia na mkanda wa mpira huohuo. Kiliingia kwa kugongwa na kilitoka kwa kuzungushwa kwa nguvu. Magesa alikigeuzageuza, akakigonga mahali pake, akanusa pembeni. "Shemeji, hapa hata harufu imefungwa jela." Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku injini ilipowaka, kwa sababu injini tuliifufua wawili na kizibo kilikuwa changu.

Haukupita muda Landrova ikaanza kuzima. Ilitoka mwaloni vizuri, ikapanda, ikaenda, halafu kabla ya Kisesa ilipoteza nguvu, ikakohoa, ikafa. Magesa alishuka, akafungua boneti, akachomoa waya wa koili na kuurudisha, akamwaga kabureta, akafungua tangi na kutumbukiza kijiti kuona kama mafuta yapo, maana geji ilikufa zamani. Mafuta yapo. Akapiga stata, ikawaka. Kesho yake hivyohivyo. Aliporudi tulikaa uani tukifikiri. Tulibadilisha platini, tukabadilisha kondensa, tukabadilisha koili. Kila kipuri kilipofungwa, niliizungusha Landrova mjini kutwa nzima na haikuzima hata mara moja, nikasema imepona. Kisha ikaenda mwaloni ikafa. Wakati ule ndipo maduka ya vipuri yalikuwa yamejaa ghafla. Miaka ya nyuma uliweza kutafuta plagi moja Mwanza nzima ukaikosa. Sasa kila duka lilikuwa na maboksi mapya yanayong'aa, na hakuna aliyeweza kukuambia kilichomo ni kizima au ni takataka iliyopakwa rangi. Kwa hiyo tulipofunga pampu mpya ya mafuta na ugonjwa ukabaki, hatukujua kama tumekosea ugonjwa au tumenunua mwingine.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri vibaya. Gari lilikuwa zima mikononi mwangu na gonjwa mikononi mwake. Lilizima sehemu ileile, karibu na njia ya kwenda kwa wenye mitumbwi ya mashine, ambao wanahitaji petroli kila siku. Mwanamume mmoja aliyekuwa akiuza chai Kisesa aliniambia akicheka, "Shemeji yako yuko vizuri siku hizi. Namwona na dumu na mpira, ananyonya tangi kama ndama." Sikumuuliza zaidi. Nilirudi Mkolani nikiwa nimekwisha kupata jibu, kwamba anauza petroli yetu, na mtu akishapata jibu, kila anachokiona kinalithibitisha. Kama Magesa amechelewa, ni kwa sababu hiyo. Kama amenunulia mtoto viatu, ni kwa sababu hiyo. Halafu siku ya joto kali gari lilizima mara kwa mara, akachelewa sana, samaki wakalegea, kiwanda kikakataa mzigo wote, na wachuuzi wawili wakatuhama. Nikaenda Buhongwa kwa mama, nikamwomba baba mdogo aitishe kikao.

Sebule ya mama ilikuwa ndogo, viti vimefunikwa vitambaa vya kufuma, dirisha limezibwa nusu na kabati la vyombo. Baba mdogo alikaa chini ya kalenda ya kanisa. Magesa aliingia, akasema shikamoo kwa kila mkubwa, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Kabula na mama walikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta, wakichemsha michembe. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria, na nilipoanza kusema, mwiko ukanyamaza.

Nilisema yote. Magesa hakunikatiza. Baba mdogo akamuuliza, "Dumu unalo, au huna?"

"Ninalo, baba. Nilikuwa natafuta ugonjwa. Natoa mafuta kwenye tangi, natia kwenye dumu, nalifunga juu ya boneti, mpira unaingia kwenye kabureta. Ikila kwenye dumu haizimi. Nafika nayo mpaka mjini. Nikiirudisha kula kwenye tangi, inazima."

"Kwa hiyo tangi ndilo linalokuibia?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kidogo. Kisha nikasema, "Pampu ni mpya. Nimeifunga mwenyewe."

"Najua, shemeji. Ndiyo maana nashangaa. Waulizeni kina Mama Suzana, wanakaa nyuma, wanaona."

"Kikao cha ukoo hakiiti wachuuzi wa samaki," baba mdogo akasema.

Nimeyarudia maneno yale maisha yangu yote. Ikila kwenye dumu haizimi. Karani wa stoo aliyesoma, angeyasikia maneno hayo uani kwake, kwenye gurudumu, na kipande cha sato mkononi, angeruka juu. Yalikuwa yanasema koili ni nzima, platini ni nzima, kabureta ni nzima, ugonjwa uko tangini au kati ya tangi na pampu. Magesa alikuwa ameupata, ameukaribia kiasi cha kuugusa, na alinipa jibu mbele ya watu. Nililisikia kama utetezi wa mshitakiwa.

Mimi ndiye niliyependekeza hukumu. Kwetu, mwanamume akikosa, mke huitwa nyumbani kwao na kubaki huko mpaka wazee wa mume waje kumwomba, na hawaji mikono mitupu, huja na mbuzi. Mbuzi akishapokelewa, kosa limekubaliwa na limekwisha. Nilisema Kabula abaki. Baba mdogo akasema ni sawa. Hakuna aliyekwenda jikoni kumuuliza. Magesa alitoa ufunguo wa Landrova mfukoni, akauweka mezani juu ya kitambaa, akaaga kila mtu kwa heshima kama alivyoingia. Aliposimama uani kuzungumza na mkewe, mama alikuwa amekwisha kumpokonya Kabula mtoto na kumfunga mgongoni mwake mwenyewe, nami nikaona dada yangu amesimama, mikono haina la kufanya. Baada ya siku chache tulisikia Magesa amerudi kwao Majita.

Nikaanza kwenda mwaloni mwenyewe. Wanawake walipanda bila kunisalimu vizuri, na walizungumza kwa sauti iliyokusudiwa nisikie. "Yule mwingine alikuwa hatukanani na gari," mmoja akasema. "Huyu tutamwona," Mama Suzana akajibu. Safari ya kwanza nilikuwa nimejaza tangi mpaka juu, kama Magesa alivyokuwa akifanya kwa sababu njia ni ndefu. Kabla ya Kisesa Landrova ikalegea, ikakohoa, ikafa. Nilikaa nimeshika usukani. Kutoka nyuma Mama Suzana akasema polepole, "Haya. Na wewe unamuuzia nani?"

Nilifungua boneti nikafanya yote niliyokuwa nikimsikia Magesa akisimulia. Nikachomoa waya, nikarudisha. Nikamwaga kabureta, nikaiona kavu. Nikaenda kwenye tangi na kijiti changu, nikakizungusha kizibo kwa nguvu, na kilipoachia, tangi likavuta hewa. Lilivuta kwa mlio, pumzi ndefu, kama mtu aliyezamishwa akatoa kichwa nje ya maji. Nikabaki na kizibo mkononi. Nikakirudisha, nikakigonga, nikawasha, tukaenda, na baada ya mwendo ikazima tena. Nikafungua. Tangi likavuta tena. Safari hii nilikiweka kizibo kwenye kiti, nikaziba na tambara la zamani, na Landrova ikaenda moja kwa moja mpaka kiwandani.

Ni jambo dogo sana. Mwenye duka yeyote akitaka kumimina mafuta ya kula kutoka kwenye debe hutoboa tundu la pili, maana kwa tundu moja mafuta hayatoki, hewa haina pa kuingilia. Tangi lililofungwa vile linatoa petroli mpaka linashindwa, hata pampu ivute vipi. Mjini sikuwahi kuzima kwa sababu nilikuwa natia mafuta kidogokidogo, na kila nikitia nafungua. Magesa naye, kila alipozima, alifungua tangi kutumbukiza kijiti, hewa ikaingia, gari likawaka, naye akadhani ni waya alioushika au kabureta aliyoimwaga. Wote wawili tulikuwa tukiliponya gari bila kujua. Nililiziba kwa ajili ya pua ya kijana wa kiwandani, nililiziba vizuri mno, na sikuwahi hata mara moja kukitilia shaka kitu nilichokitengeneza mwenyewe. Nilimtilia shaka mtu. Nilichoma msumari kwenye moto, nikatoboa kizibo katikati, na ugonjwa haukurudi tena.

Nilikwenda Buhongwa nikamweleza baba mdogo. Alisikiliza, akanywa chai. "Basi kosa ni la gari," akasema. "Waje na mbuzi wao, tutawapokea vizuri."

"Hawatakuja, baba. Wakija na mbuzi watakuwa wamekubali kwamba aliiba."

"Sasa unataka nini?"

"Mbuzi nipeleke mimi."

Aliweka kikombe chini. "Upande wa mke unapeleka mbuzi? Masele, watatucheka mpaka Ukerewe."

Kabula alikuwa ameketi mlangoni akimpa mtoto uji. Hakuwa amezungumza na mimi tangu kikao. "Kaka," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye kijiko, "hukukosea tangi tu. Hata kama angekuwa mwizi kweli, mimi ungeniuliza." Mama akamwambia anyamaze. Kabula akamalizia kumlisha mtoto, akampangusa mdomo, akaingia ndani kufunga nguo zake.

Tuliondoka asubuhi, baba mdogo hakuja kutuaga. Nilimfungulia Kabula mlango wa mbele. Akapita, akapanda nyuma na mtoto, akakaa kwenye gunia karibu na mbuzi. Tulipita Magu, tukapita Bunda, tukaingia njia ya Majita yenye mchanga na mawe, na Landrova haikukohoa hata mara moja. Nilitamani ikohoe. Ingenipa sababu ya kusimama, kwenda nyuma na kusema neno, lakini ilikwenda vizuri kuliko siku zote, nami kwenye kioo nikawa naona mgongo wa dada yangu.

Baba mkubwa wa Magesa, mzee Manyama, alitupokea mbele ya nyumba. Alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, akatafuta wazee wengine nyuma yangu, hawakuwepo. "Mmekuja kuomba nini?" akauliza, kama desturi inavyotaka, ingawa desturi ilikuwa imepinduliwa. Nikasema mbele ya watu wote kwamba shemeji yangu hakuiba, kwamba gari lilikosa hewa kwa kizibo nilichokitengeneza mimi, na kwamba nilimzuia mke wa mtu bila haki. Wanawake wa pale wakaguna. Magesa alikuwa amekaa akirekebisha wavu, na aliendelea kupitisha sindano mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo ni kizibo," akasema.

"Ni kizibo."

"Nilikisifu mimi, kile." Karibu atabasamu, kisha uso ukarudi. "Nilisema ikila kwenye dumu haizimi."

"Ulisema."

"Ulisikia?"

Ningeweza kusema kulikuwa na kelele, au kwamba baba mdogo alinikatiza. "Nilisikia," nikasema.

"Basi," akasema Magesa.

Mbuzi alichinjwa, tukala sahani moja kama inavyotakiwa, na yeye ndiye aliyenikatia ini. Nilimwomba arudi tufanye kazi pamoja, nusu yake ipo. Akasema amekwisha kuzoea nyavu. Baadaye tuliishi kama mashemeji wanavyoishi. Alikuja kwenye harusi yangu, nilikwenda kwenye ubatizo wa watoto wake, tulitaniana mbele za watu. Lakini hakuwahi tena kuniuliza habari ya gari lolote, wala kufungua boneti nikiwepo, na miaka yote hiyo sikupata ujasiri wa kumwuliza kama neno lile "basi" lilikuwa la kusamehe au la kufunga mlango.

Jioni ya siku ile ya mbuzi, nilipotaka kuondoka, betri ilikuwa imechoka na stata ikagoma. Vijana wakaja kusukuma. Magesa naye akasimama, akavua shati, akaweka bega nyuma kabisa, upande wa kulia, mahali pazito. Nilihisi gari linasogea kwa nguvu yake, naweza kuapa. Injini ikashika. Nikalisimamisha gari huku nikikanyaga mafuta isije ikazima, nikageuka kumuaga. Alikuwa amekwisha kunipa mgongo, anatembea kuelekea nyumbani, mikono myeusi kwa vumbi na grisi ameitanua mbali na mwili. Kabula alimngoja mlangoni na kata ya maji. Akammiminia, naye akanawa taratibu mpaka kwenye viwiko, na wote wawili waliinamia yale maji bila kutazama nilipokuwa.